SOMO: KIGOGOTA NA MTI MKAVU
Tusome: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mathayo 6:26



Hapa Base Camp tunamsikia asubuhi juu ya migunga: ko-ko-ko. Watoto humpiga kwa manati. Wakubwa husema ndiye anayeua miti. Tumjue kwanza.

1. Tumtambue
Kigogota mdogo ana urefu wa karibu sentimita 15, na kifua chenye michirizi. Dume ana wekundu kichwani, jike hana. Mwingine ni mkubwa zaidi, karibu sentimita 20, na kifua chake kina madoa. Wote hupanda shina wakiegemea mkia mgumu, vidole viwili mbele na viwili nyuma.

2. Tumlishe
Huyu hali posho wala mahindi. Anakula sisimizi, mchwa na funza wa wadudu wanaotoboa mti. Basi hauui mti. Anawafuata wadudu waliokwisha kuuingia. Meza yake ni tawi lililokauka. Humo humo hutoboa tundu la kutagia, na akihama, ndege wengine huingia. Kumlisha ni kumwachia mti huo.

3. Na kuni je?
Tusidanganyane. Mama asiye na kuni atapikaje maharage? Wengine wanatembea mbali, tena kwa hofu. Hatuwezi kumwambia alale njaa kwa ajili ya ndege. Lakini tazameni sheria ya Musa: haimkatazi mtu kutwaa, bali inamwekea mpaka, ili uzazi usikatike. Nasi tufanye hivyo:
- Tukate matawi ya chini, tuache shina lenye tundu.
- Tutumie jiko la udongo, linapunguza kuni.
- Kila nyumba ipande miti, na kuimwagilia wakati wa jua.
- Watoto waweke manati chini.

Wapendwa, sisi tunajua ilivyo kurudi jioni na kukuta nyumba haipo. Tusimfanyie kiumbe cha Mungu tuliyofanyiwa sisi.

Maswali ya nyumbani
1. Ni mti gani karibu nasi wenye tundu la ndege?
2. Baba wa mbinguni anawalisha ndege. Je, sisi tunaiondoa meza yao?
3. Wiki hii tutapanda nini?

Bwana awabariki.