UFALME WA KURITHIANA: JE, WAFAA KUBAKISHWA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tangu alipofariki Sayyid Jamshid bin Abdullah huko Maskati, tarehe 30 Desemba 2024, tumesikia barazani maneno ya namna mbili. Wako wanaolia kuwa heshima ya Waislamu wa pwani ilizikwa pamoja na kiti cha Unguja. Na wako wanaosema kuwa kila mfalme ni dhalimu na kuondolewa kwake ni furaha tupu. Sisi tulioko hapa Eldoret tu mbali na bahari, lakini wengi wetu asili yetu ni huko, na maneno haya yameingia mpaka misikitini mwetu. Basi tumeona tulitie suala hili katika mizani ya dini na ya tarikhi, bila ya chuki wala upendeleo.

Kwanza: dini yasemaje?

Katika Suratul-Baqara, aya ya 124, Nabii Ibrahim (a.s.) alipofanywa kiongozi wa watu aliwaombea na kizazi chake. Akajibiwa kuwa ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Tazameni: hata damu ya Khalilullah haikutosha peke yake kuwa hoja. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 247, wakubwa wa Bani Israili walimkataa Talut kwa kuwa hakuwa na mali, wakaambiwa kuwa ameteuliwa na kuzidishiwa elimu na nguvu za mwili. Sifa ndiyo iliyotajwa, si nasaba.

Bwana Mtume (s.a.w.) alipofariki, Sayyidna Abubakar (r.a.) alipewa baia na Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa aliliacha jambo mikononi mwa watu sita washauriane; akamruhusu mwanawe Abdullah ahudhurie, lakini asiwe na fungu katika ukhalifa. Urithi uliingia pale Muawiya alipomchukulia baia mwanawe Yazid, naye akashika mwaka 60 Hijria. Mwaka wa pili wake Sayyidna Husein (r.a.) akauawa Karbala.

Atasema msemaji: Je, Nabii Sulayman hakumrithi Dawud? Tunajibu: wafasiri wengi wamesema urithi ule ni wa Utume na elimu, na hayo hutolewa na Mwenyezi Mungu, si na wasia wa baba.

Pili: yaliyotokea Unguja

Husemwa kuwa faida kubwa ya urithi ni utulivu: mfalme akifa, mrithi anajulikana, wala watu hawapigani. Hoja hii ni nzuri ikisikika, lakini tuipime kwa yale tunayoyajua.

Ukoo wenyewe wa Al-Busaidi ulianza kwa kuchaguliwa. Ahmad bin Said alipewa uimamu huko Omani katika karne ya 18, kwani Maibadhi hushika kuwa imamu huchaguliwa kwa elimu na uchaji. Waliofuata wakaacha jina la Imamu, wakabaki na jina la Sayyid, na kiti kikawa cha nyumba moja.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 dola iligombewa na wanawe. Thuwaini akakaa Maskati, Majid Unguja. Mwaka 1859 Barghash akamwasi nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 aliyeamua baina ya Maskati na Unguja alikuwa Gavana Mkuu wa Kiingereza wa Bara Hindi: nchi mbili zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1896, tarehe 25 Agosti, Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la mfalme. Waingereza wakamtaka ashuke, akakataa. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba wakauawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa juu ya kiti. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Wala haya si ya Waarabu peke yao. Jirani zetu Wanandi walikuwa na Orkoiyot, cheo cha ukoo wa Talai. Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905, kisha wakamtambua Kipeles mahali pake. Basi fahamuni: cheo kikifungwa katika nyumba moja, mgeni hana haja ya kuishinda nchi nzima. Yamtosha kumpata mtu mmoja wa nyumba hiyo atakayekubali kukaa kwa idhini yake.

Tatu: tuwafanyie insafu

Hata hivyo, si haki kuficha mema. Sayyid Khalifa bin Harub alikaa tangu 1911 mpaka 1960, na wengi walimpenda kwa upole wake. Lakini wema ule ulikuwa wa mtu, si wa mfumo, na amri kubwa zilikuwa mikononi mwa Balozi Mkazi wa Kiingereza.

Na wanaofurahia kuanguka kwa kiti nao wawe na hadhari. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Sultani akapinduliwa. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waislamu, na kuondoka kwa mfalme si ruhusa ya kumwaga damu. Tena kumwondoa mfalme peke yake hakuleti shura: watu wa Unguja na Pemba hawakumpigia kura Rais wao mpaka mwaka 1980.

Ama Makadhi wetu wa pwani, wanaodhani walisimama kwa kiti wakumbuke mapatano ya tarehe 8 Oktoba 1963, Sultani alipouacha ukanda wa maili kumi na serikali ya Kenya ikaahidi kuwalinda Makadhi. Miezi minne haikupita, kiti hakipo. Makadhi wangalipo, na leo wamo katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Kilichowahifadhi ni ahadi iliyoandikwa na watu walioidai.

Nne: rai yetu

Sisi twaona kuwa nasaba peke yake haimpi mtu haki ya kutawala. Mahali ambapo mfalme yupo, anafanya uadilifu na anakubali shura, hatusemi watu wamwasi; fitina ni mbaya kuliko jina la mfalme. Lakini ufalme ulioondoka hauna haja ya kufufuliwa, wala kuulilia si sehemu ya dini.

Na tuanze nyumbani. Ni mara ngapi imamu akifa huwekwa mwanawe kabla ya kaburi kukauka, hali pana mwenye elimu zaidi? Ni wakfu ngapi msimamizi wake hana hesabu ila kusema baba yake ndiye aliyeshika? Mwana akistahiki, na achaguliwe kwa kustahiki kwake. Asipostahiki, kumpa ni kuwadhulumu Waislamu, na kumdhulumu yeye mwenyewe kwa kumtwika amana asiyoiweza. Anayemlaumu Yazid, naye ana Yazid wake mdogo katika kamati ya msikiti, ajitazame.

Masuali ya darasa

1. Kwa nini Sayyidna Umar alimzuia mwanawe?
2. Nani aliyeamua ugomvi wa 1861 na wa 1896, na kwa nini aliweza?
3. Katika mtaa wako, ni amana gani inayorithiwa bila ya shura, na hesabu yake ilisomwa lini?

Wabillahi tawfiq.