SOMO LETU: MWALIMU AMTAMBUE MTOTO ALIYECHOKA KUISHI



Leo hatuzungumzi juu ya mshahara wala saa za kazi. Tunazungumza juu ya watoto wetu walio shuleni. Karo tunayoituma nyumbani kutoka mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi ni jasho letu, na mtoto ndiye akiba yetu.

Mwenzetu mmoja wa Oli, hapa Arua, alikuwa mkata miwa mbali na nyumbani. Siku moja alipigiwa simu kwamba mwanawe wa kidato cha pili alitaka kujiua, akaokolewa na jirani. Aliporudi alielezwa kwamba kwa wiki tatu kijana alikuwa akisinzia darasani, ameacha mpira, na amegawa vitabu vyake kwa wenzake. Mwalimu aliyaona yote hayo, akamchapa kwa uvivu. Hatusemi mwalimu yule ni mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na mfanyakazi asiyepewa zana hawezi kulaumiwa peke yake.

Ukubwa wa jambo hili

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiyo ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Kwetu West Nile tunayo mizigo yetu. Vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013 na kuwaka tena Julai 2016 vilileta wakimbizi wengi Rhino Camp, Bidi Bidi na Imvepi. Lobule, huko Koboko, wapo ndugu kutoka Kongo. Watoto wengi wameona kwa macho yao mambo ambayo hata mtu mzima hayabebi. Mwaka 2020 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilionya kwamba visa vya kujiua vinaongezeka katika makazi ya wakimbizi Uganda. Tena shule zilifungwa tangu Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022.

Mwalimu afundishwe kuona nini?

Kwanza, maneno: "Mimi ni mzigo tu," au "Heri nisingezaliwa." Pili, matendo: mtoto anajitenga, hali, halali, anashuka masomo ghafla, anagawa vitu vyake, anaaga bila safari. Dalili moja peke yake si hukumu, lakini zikikusanyika mwalimu asingoje.

Mwalimu afanye nini?

1. Amwite mtoto kando, wakae, amwulize kwa lugha anayoielewa vizuri, ikiwa ni Kilugbara, Kikakwa au Kinubi.

2. Amwulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hili litampa mtoto wazo. Si kweli. Swali humpa nafasi ya kutua mzigo.

3. Asikilize. Asikemee, asihubiri, asichape. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni.

4. Asiahidi kuficha siri hii. Amwambie mtoto kwamba watatafuta msaada pamoja.

5. Hatari ikiwa karibu, asimwache peke yake hata dakika moja. Awaite mzazi au mlezi, na mwalimu mwandamizi wa kike au wa kiume, wampeleke kituo cha afya. Hospitali kuu ya Arua ina sehemu ya magonjwa ya akili. Simu ya bure ya watoto Uganda ni 116.

6. Mtoto akirudi shuleni, habari zake zisitangazwe paredi. Mwalimu aendelee kumwuliza hali wiki baada ya wiki.

Mwalimu hageuzwi kuwa daktari. Kazi yake ni kuona mapema na kumfikisha mtoto kwa mwenye utaalamu.

Hofu ya sheria

Sheria ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza, ya mwaka 1950, iliandika kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Kwa hofu ya polisi na aibu ya ukoo, watu huficha, na mgonjwa hukosa dawa. Huko Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba.

Na sisi je?

Tusimwachie mwalimu kila kitu. Sisi tunaofanya kazi ya kunyunyizia mimea tusiweke dawa ya shamba chini ya kitanda. Tuifungie kwa kufuli, au tuiache stoo ya kampuni. Sri Lanka, nchi ya mashamba ya chai, ilikataza dawa zile kali mno, na vifo vya kujiua vikapungua kwa zaidi ya nusu. Tukipiga simu nyumbani, tusiulize alama za mtihani tu. Tumwulize mtoto: "Unaendeleaje moyoni?" Na katika mikutano ya wazazi tudai walimu wapewe mafunzo haya, na madarasa yapunguzwe, maana anayefundisha watoto mia hawezi kuuona uso wa mmoja.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Shuleni kwa watoto wetu, ni mwalimu gani mtoto anaweza kumwendea bila hofu?

2. Dawa za shamba zinakaa wapi nyumbani kwako?

3. Mtoto akisema amechoka kuishi, sisi humjibu nini?

Mtoto aliyesikilizwa leo, kesho tutakuwa naye.