Kazi ya Thamani Moja, Ujira Mmoja

Mkulima wa skimu ana pande mbili. Wakati wa palizi yeye ni tajiri, maana huandika vibarua. Baada ya mavuno, pengine yeye mwenyewe, mkewe au binti yake hutafuta kibarua katika shamba la mwingine. Kwa hiyo somo hili lakuhusu mara mbili.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haifai kumpunguzia mtu ujira kwa sababu ni mwanamke, au kwa ajili ya kabila, dini au ulemavu wake.

Tuseme umeandika watu wawili kupalilia mahindi. Mwanamume wampa shilingi 500 kwa siku, mwanamke 400. Mistari ni ile ile, na saa ni zile zile. Kwa siku 24 mwanamke huyo amepoteza shilingi 2,400. Fedha hizo ni zake.

Thamani sawa ni nini?

Kazi mbili zaweza kuwa mbali mbali, na thamani yake ikawa moja. Pima mambo manne: ujuzi, juhudi, madaraka na hali ya mahali pa kazi. Mbebaji wa mikebe ya maziwa hutumia nguvu. Lakini mkamuaji asiye mwangalifu aweza kuharibu maziwa yote, na ng'ombe akapata ugonjwa wa kiwele. Usiseme kazi yake ni ndogo kwa kuwa hufanywa na akina mama.

Kazi ya kupimwa ni tofauti kidogo. Bei ya kilo ya majani ya chai iwe moja kwa wachumaji wote. Aliyechuma kilo 40 atapata zaidi ya aliyechuma kilo 30, na hiyo si dhuluma.

Ukiwa tajiri

1. Taja ujira kabla ya kazi kuanza. Panga kwa kazi, si kwa mtu.
2. Andika katika daftari jina, siku, kazi na malipo.
3. Mlipe mfanyakazi mkononi mwake. Ujira wa mke usimpe mumewe, ila mwenyewe awe ameagiza kwa maandishi.

Ukiwa mfanyakazi uliyepunjwa

1. Andika siku ulizofanya, kazi yenyewe, ulicholipwa, na walicholipwa wenzako.
2. Mwulize mwajiri kwa upole, mbele ya mwenzako mmoja.
3. Asiposikia, nenda kwa Ofisa wa Kazi wa eneo lako na daftari lako. Mwisho wa njia ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huko mwajiri ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua.

Usiogope kufukuzwa: kwa sheria, kupeleka malalamiko si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Wala usikawie, maana madai ya kazi yana muda wake, kwa kawaida miaka mitatu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Katika shamba lako, nani hulipwa zaidi? Je, ukiulizwa sababu, waweza kuitaja mbele ya vibarua wote?