SOMO LA AFYA: UGONJWA WA KISUKARI KATIKA MAJIRA YA JOTO

Kwa Makatibu wa vyama vya msingi: Somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama kabla ya msimu wa korosho kuanza. Lisomwe sehemu moja moja, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea na nyingine. Maswali ya kuongoza majadiliano yamewekwa mwishoni.

Shabaha ya somo

Baada ya somo hili mwanachama aweze kuzitambua dalili za kisukari hata wakati wa jua kali. Aweze kujitunza mwenyewe au kumtunza mgonjwa aliye nyumbani mwake. Na chama kiweze kuazimia mambo machache ya kutenda msimu huu.

1. Utangulizi

Ndugu Wanachama, wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi wa Tanzania walikaa katika vikundi wakaisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Maradhi yaliyopigwa vita siku zile yaliletwa na mbu, minyoo na maji machafu. Ugonjwa tunaojifunza leo hauletwi na mdudu wala hauambukizwi, lakini nao hushindwa kwa njia ileile: kwa kuujua, na kwa kutenda mambo madogo kila siku bila kuchoka.

Wako wanaodhani kuwa kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Mwaka 1989 jarida la Lancet la Uingereza lilichapa uchunguzi wa Profesa Donald McLarty na wenzake uliofanywa katika vijiji vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufikia mtu 1 katika kila watu 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima uliwakuta wagonjwa 9 hivi katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Chunguzi hizo hazikufanywa kwa njia moja wala kwa watu wa umri mmoja. Hata hivyo tofauti yake ni kubwa mno kupuuzwa. Kisukari kimo miongoni mwetu.

2. Kisukari ni nini?

Ugali, wali, mihogo na vyakula vya jinsi hiyo husagwa tumboni vikawa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Ili itoke katika damu na kuupa mwili nguvu, huhitajiwa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki katika damu. Mfano wake ni ghala ambalo mtunzaji wake amepoteza ufunguo: magunia yanarundikana barazani, na ndani mna nafasi tupu. Ndiyo sababu mgonjwa hukonda na kuchoka ilhali damu yake imejaa sukari.

Aina ya kwanza aghalabu huwapata watoto na vijana, na mgonjwa wake hawezi kuishi bila sindano ya insulini. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi. Huja polepole, hasa kwa watu wazima, na huchochewa na unene wa tumbo, kukaa bila kazi ya mwili, na urithi wa ukoo. Ipo pia inayowapata wajawazito, na mama aliyewahi kuwa nayo hana budi kupimwa kila mara hata baada ya kujifungua.

3. Joto huficha dalili

Hapa ndipo penye hatari kwetu sisi wa mikoa ya Kusini. Korosho huokotwa kuanzia Oktoba, wakati jua linawaka kwelikweli. Kila mtu ana kiu, kila mtu anatoka jasho, kila mtu amechoka. Basi dalili za kisukari hujificha ndani ya joto, na mgonjwa hujiambia, "Ni jua tu."

Tofauti ipo, na yafaa ishikwe na kila mmoja. Mwenye kiu ya jua hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa manjano iliyokolea. Akinywa maji na kupumzika kivulini, kiu huisha. Mwenye kiu ya kisukari hunywa na kunywa tena, na bado hukojoa kwa wingi, hata kuamka mara kadhaa usiku. Kiu ya namna hiyo ikiandamana na kukonda, macho kuona ukungu, au kidonda kisichopona, asingoje msimu uishe. Aende zahanati akapimwe. Kipimo ni tone la damu. Aliyelala bila kula akikutwa na sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi, atapimwa tena ili kuthibitisha. Mgonjwa ambaye tayari anatapika, anahema kwa nguvu, au pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

4. Chakula na kinywaji

Mgonjwa wa kisukari hahitaji chakula cha peke yake. Chakula kimfaacho huwafaa wote nyumbani. Sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga za majani kama kisamvu, mchicha au matembele, robo iwe samaki, dagaa, kunde, mbaazi au choroko, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au muhogo. Dona ni bora kuliko sembe. Kisamvu kisizamishwe katika tui zito wala mafuta mengi.

Katika joto, kinywaji ni maji. Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vidogo. Anayekata kiu kwa soda huongeza sukari katika damu, na sukari hiyo humletea kiu nyingine. Dafu lina sukari pungufu kuliko soda, lakini halichukui nafasi ya maji. Embe liliwe kwa kiasi, likiwa tunda zima na si maji yake. Mabibo nayo yana sukari, na uraka una hatari ya pili: pombe huweza kuishusha mno sukari ya anayetumia dawa, hasa akinywa bila kula. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amwulize mganga anywe maji kiasi gani.

Anayekusudia kufunga Ramadhani naye amwone mganga majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwani wako wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa, na wako ambao kufunga kungewahatarisha.

5. Miguu

Kisukari kilichoachwa bila kutunzwa hudhoofisha mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Mtu mwenye ganzi hukanyaga mchanga wa moto, au mwiba, au kipande cha chupa, asihisi. Huona damu jioni, au haoni kabisa. Kidonda kidogo huingia uchafu, huoza, na mwisho mguu hukatwa. Miguu mingi iliyokatwa ingaliweza kuokolewa kwa kuangaliwa tu kila jioni.

Kwa hiyo: asitembee peku, shambani wala uani. Kandambili hazitoshi shambani. Avae viatu vilivyofunika vidole, na kabla ya kuvivaa avikung'ute. Kila jioni aoshe miguu, aikaushe hata katikati ya vidole, kisha aitazame nyayo. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mke, mume au mtoto. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Asijikate sugu kwa wembe. Akiona lengelenge, wekundu au kidonda, aende zahanati kesho yake asubuhi, hata kama hapaumi. Kutouma ndiyo dalili mbaya.

6. Sukari ikishuka

Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge kama glibenklamidi, anaweza kupatwa na jambo la kinyume: sukari kupungua kupita kiasi. Hutokea akichelewa kula, akifanya kazi nzito kuliko kawaida, na katika joto pia, maana joto huifanya insulini iliyodungwa iingie upesi zaidi katika damu. Hutoka jasho la baridi, hutetemeka, huona njaa kali, moyo humwenda mbio. Kisha huchanganyikiwa na kusema ovyo kama mlevi. Wapo waliochekwa na hata kufukuzwa barazani kwa kudhaniwa wamelewa, kumbe wanahitaji sukari.

Ukimwona mgonjwa wa kisukari katika hali hiyo, usibishane naye. Maadamu anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda. Hapa soda ni dawa. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

7. Kuitunza dawa

Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, lakini isigande, iliyoganda itupwe. Wengi wetu hatuna jokofu. Mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotazama joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya. Ulionyesha kuwa insulini inayotumika ilibaki na nguvu zake kwa majuma manne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hii ni habari njema, lakini si ruhusa ya kuianika juani.

Njia ya nyumbani ni mitungi miwili. Weka mtungi mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga kati yake, mwagia maji asubuhi na jioni, na ufunike kwa kitambaa chenye maji. Mitungi ikae kivulini penye upepo. Insulini ifungwe katika mfuko usiopenya maji, kisha iwekwe ndani. Shambani isikae mfukoni wala juu ya baiskeli juani. Insulini ya asili yake nyeupe kama maji ikigeuka kuwa na ukungu au mabonge, isitumiwe.

Jambo kubwa zaidi ni kutoiacha dawa. Mtu hupata nafuu, akadhani amepona, akaacha. Au huambiwa mizizi fulani inamtosha. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Anayetumia insulini asiiache hata siku anapougua homa na kukosa hamu ya kula. Amwone mganga amwelekeze kiasi cha kutumia.

8. Kuzuia ni bora

Chunguzi mbili, moja ya Finland iliyotangazwa mwaka 2001 na nyingine ya Marekani ya mwaka 2002, ziliwafuata watu waliokaribia kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo, wakala vizuri na kutembea, walipunguza hatari ya kukipata kwa asilimia 58. Mkulima ana mazoezi ya kutosha wakati wa palizi. Hatari yake ni miezi ya kukaa barazani baada ya mauzo, wakati fedha ipo, soda na vyakula vya kukaangwa vipo, na jembe limeegeshwa. Yampasa kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa juma, miezi hiyo pia.

9. Wajibu wa chama

Ndugu Katibu, mengi ya haya hayawezi kutimizwa na mgonjwa peke yake. Anayengoja mizani tangu alfajiri hadi alasiri, bila kivuli na bila chakula, hawezi kujitunza hata akijua somo hili lote kwa moyo. Tunapendekeza kamati ya kila chama iazimie haya:

(a) Pawe na kivuli na mtungi wa maji ya kunywa penye mizani.
(b) Mwanachama mwenye kisukari apimiwe mapema. Katibu aitunze siri yake. Hapana haja ya kuutangaza ugonjwa wa mtu.
(c) Sukari iwekwe katika mtoto wa meza ya karani kwa dharura, na karani afundishwe sehemu ya 6.
(d) Chai ya mikutano ipikwe bila sukari, na anayetaka ajitilie.
(e) Mganga wa zahanati aalikwe siku ya mkutano mkuu apime wanachama.
(f) Fedha ya korosho huja kwa msimu, lakini dawa hutakiwa kila mwezi. Kwa hiyo siku ya malipo mwanachama mgonjwa ashauriwe kutenga fedha ya dawa ya mwaka mzima, au alipe bima ya afya kabla fedha haijatawanyika.

Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wengi huacha dawa mwezi wa Julai, si kwa ukaidi, bali kwa sababu mfuko ni mtupu na korosho bado ni maua. Ushirika ulianzishwa ili mnyonge asibaki peke yake sokoni. Asibaki peke yake na ugonjwa wake pia.

Maswali ya majadiliano

1. Kiu ya jua na kiu ya kisukari zinatofautianaje?
2. Je, katika kijiji chetu yupo aliyepotewa na mguu kwa kidonda kidogo? Ni nini kingeweza kufanywa mapema?
3. Mtu akianguka penye mizani leo, ni nani kati yetu ajuaye la kutenda?
4. Mgonjwa atawezaje kupata dawa kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba? Chama kimsaidie namna gani?
5. Kati ya mapendekezo (a) hadi (f), ni yapi tutaanza nayo msimu huu, na nani atasimamia kila moja? Majibu ya swali hili yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.