Bahashishi ya Lazima

SWALI: Bwana Mhariri, mwanangu ameajiriwa kuandaa meza katika meli ya watalii, na nasikia kila abiria hutozwa ada ya huduma kwa siku, apende asipende. Je, fedha hizo ni zake? — Mzazi, Kawangware

JIBU: Mama, bahashishi kwa asili yake ni hiba, nayo hiba ikishalazimishwa hugeuka ujira uliovishwa kanzu ya watu; lakini pale Kibera mteja akiacha shilingi kumi chini ya kikombe cha chai, mwenye kibanda huzipokea kwa shukrani wala hazidai. Melini, ada hiyo huandikwa katika hesabu ya abiria, naye katika baadhi ya kampuni aweza kuomba ifutwe kabla hajashuka, kwa hiyo mwanao asiihesabu kabla haijamfikia mkononi, bali atazame mkatabani mshahara wake wa yakini ni kiasi gani, na ada hugawanywa vipi, baina ya nani na nani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wampa haki ya kupata hesabu ya malipo yake kila mwezi; karatasi hiyo aihifadhi.

Huku bara, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 huisamehe kodi ada ya huduma hotelini, maadamu haizidi asilimia 10 ya bei, na wafanyakazi hugawiwa moja kwa moja kwa mapatano ya maandishi. Wahudumu wangapi warudio Kawangware kwa matatu ya usiku wamepata kuyaona mapatano hayo?