Bakteria wa Udongo na Batobato ya Kunde

Wanachama wengi, hasa wenye miche michanga, hupanda kunde na chooko katikati ya mikarafuu. Ni desturi njema, maana mkarafuu hauanzi kuzaa kabla ya miaka 6 au zaidi, na nyumba haiwezi kungoja muda huo wote bila ya kitu cha kutia chunguni. Basi kunde zikiharibika, hasara huingia jikoni mara moja.

Ugonjwa tunaousema hapa ni batobato. Jani la kunde hufanya mabaka ya kijani na manjano na kukunjamana, mmea hudumaa, na maganda huwa machache. Usiuchanganye na ule wa muhogo; jina ni moja lakini virusi ni vingine, na vile vya muhogo huchukuliwa na nzi weupe. Huu wa kunde una njia mbili. Ya kwanza ni mbegu: mmea mgonjwa huzaa baadhi ya mbegu zenye virusi ndani, na mara nyingi jicho haliwezi kuzitambua. Ya pili ni vidukari, wadudu wadogo wanaojikusanya kwenye ncha changa. Kidukari akifyonza mmea mgonjwa hata kwa muda usiotimia dakika moja, huweza kubeba virusi akavipeleka kwenye mmea mwingine. Ndiyo maana kupiga dawa ya wadudu hakusaidii sana: kidukari hufa, lakini amekwisha kuambukiza. Na mmea ukisha kuambukizwa, hakuna dawa ya kuuponya.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuukinga mmea kabla ya kuugua, na mojawapo ni bakteria. Tukisikia bakteria twafikiri maradhi tu, lakini udongoni wamo wengi wasiodhuru, na wengine hukaa kwenye mizizi wakila vitu vinavyotoka humo. Mashuhuri ni jamii mbili ziitwazo Bacillus na Pseudomonas.

Ajabu ni kuwa bakteria hawa hawahitaji kukutana na virusi. Wao wamo mizizini, virusi vimo majanini. Kinachotokea ni kuwa mmea huwahisi wageni hao mizizini mwake, na habari hupanda mpaka majanini, ukawa kama mtu aliyeamshwa usiku akakaa macho. Siku kidukari atakapoleta virusi, mmea huo hujikinga mapema na kwa nguvu zaidi kuliko usiokuwa na bakteria. Bado waweza kuugua, ila mimea mingi huchelewa, au huugua kidogo. Asiyelielewa jambo hili ataimwaga pakiti nzima juu ya kunde zilizokwisha kufanya mabaka, akapoteza fedha zake bure.

Mwaka 1996 wataalamu wa Auburn, katika jimbo la Alabama huko Marekani, walionyesha kuwa bakteria wa mizizini waweza kuukinga mtango na mtungule dhidi ya virusi vya batobato. Mwaka 2006 yalitangazwa majaribio ya Misri juu ya maharage mapana, na mwaka 2009 yale ya India juu ya kunde zenyewe, mbegu zikiwa zimepakwa bakteria kabla ya kupandwa. Katika yote ugonjwa ulipungua. Hata hivyo, majaribio mengi ya namna hii hufanywa katika vyungu na nyumba za vioo, na konde yenye mvua, jua na vidukari wa jirani ni jambo jingine.

Wala wasichanganywe na bakteria wa vifundo vya mizizi. Hao kazi yao ni kuupa mmea naitrojeni, na kunde kwa kawaida huwapata wenyewe udongoni.

Mwanachama atakaye kujaribu asome kwanza pakiti. Bacillus hufanya chembe ngumu zinazovumilia ukavu na joto; Pseudomonas hawafanyi chembe hizo, na katika joto letu hufa upesi. Kwa visiwa hivi tungechagua wa kwanza. Tazama tarehe ya kwisha, na uiweke pakiti kivulini. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yaliyotiwa sukari ili unga ushike, changanya kwa kipimo kilichoandikwa, kisha tandaza juu ya jamvi ndani ya nyumba. Tumezoea kuanika karafuu juani, lakini mbegu hizi jua litawaua bakteria wake. Usitie mrututu wala dawa nyingine ya shaba. Panda siku hiyo hiyo, udongo ukiwa na unyevu.

Acha safu chache zisizopakwa, zenye mbegu ile ile na siku ile ile, uweke vijiti vya alama. Baada ya wiki 4 hesabu mimea yenye mabaka kila upande, kisha pima mavuno kwa pishi. Bila ya safu hizo hutajua kama pakiti ilifaa kitu au mwaka ulikuwa mzuri tu.

Na mbegu ya msimu ujao ichukuliwe kwenye mimea iliyowekewa alama mapema, ikiwa bado mibichi na haina mabaka. Zikisha kukauka kunde zote hufanana. Mche unaoota na mabaka ung'olewe siku unapoonekana, kabla vidukari hawajaufikia.