Dondoo muhimu: Siku ya mahekalu na kasri mjini Bangkok

Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782 chini ya Mfalme Rama I, hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Mgeni mjanja huwa langoni kabla ya hapo, maana ikigonga saa nne jua ni kali na mabasi ya watalii yameshamwaga watu. Mabega na magoti yafunikwe. Kaptura na vesti hurudishwa mlangoni.

Njiani akitokea mtu mwenye tabasamu na kusema kasri limefungwa leo, ila bajaji yake iko tayari kwa matembezi ya bei poa, huyo ni tapeli. Safari hiyo kwa kawaida huishia kwenye duka la vito.

Ndani ya eneo la kasri kuna Wat Phra Kaew, nyumba ya Buddha wa Zumaridi. Jina lisimdanganye mtu: sanamu ni ya jiwe jingine la kijani, yenye kimo cha sentimita 66 hivi, na mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kufuata misimu. Humo viatu huvuliwa, picha hazipigwi, na anayeketi hukunja miguu nyuma ili nyayo zisiielekee sanamu. Mwanamke asimguse mtawa.

Wat Pho iko jirani. Buddha aliyelala humo ana urefu wa mita 46, nyayo zimenakshiwa kwa maganda ya chaza. Nyuma ya mgongo wake yamepangwa mabakuli 108, na wageni hudondosha sarafu moja moja, ting, ting, hadi mwisho wa safu.

Jioni, kivuko cha gati la Tha Tien huvusha watu hadi Wat Arun. Ngazi zake ni za wima kwelikweli. Wenye kizunguzungu wabaki chini.